Mwaka Niliokuwa Mkono wa Greta

Ijumaa, tarehe 9 Januari. Ukungu umeamkia chini kabisa, mpaka mparachichi wa uani haukuonekana kutoka mlango wa jikoni. Saa nne kukawa na manyunyu, mchana jua likachungulia kidogo, jioni ukungu tena.

Leo Greta amekuja. Naandika hivi kama vile ni mtu wa kuja kila wiki, kumbe mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa miaka minne, na sasa ni mama wa watoto wawili, ana mvi juu ya masikio na anavaa miwani. Gari lilisimama barabarani hapa Soni, mbele ya kibanda changu cha cherehani, akashuka mwanamke mrefu na watoto wawili, akawa anatazama huku na huku kama mtu aliyeelekezwa vibaya. Mimi nilikuwa na shati la sare ya shule mdomoni, maana mkasi sikuuona na nilikuwa nakata uzi kwa meno. "Shikamoo, Dada Debo," akasema. Kiswahili chake kilikuwa karibu kinaishia hapo. Mengine yote alitusaidia dereva wake, kijana wa Korogwe, mtafsiri mzuri ingawa nadhani alikuwa anafupisha. Nikaitikia marahaba. Watu wananiita Mama Joel, wengine Fundi. Wa kuniita Debo hakuna aliyebaki. Nikamtafutia kiti, nikawatafutia watoto kiti, nikamwambia karibu kama mara sita. Ndipo dereva akasema: "Mama, anataka kuwapeleka watoto gulioni. Anasema kuna mama mmoja zamani alimlisha tunda pale sokoni, na habari hiyo amewasimulia watoto wake tangu wadogo. Anauliza kama unaijua meza yake." Nikajibu kwamba naijua. Nikafunga kibanda.

Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na daftari hili ni la kuandika mvua imenyesha lini na nani amekuja nyumbani. Mambo ya zamani huwa nayakwepa, kwa sababu mtu akianza kuyaandika anaanza kujipendelea, na waliokufa hawana nafasi ya kujibu. Lakini leo nimetembea gulioni nyuma ya Greta na watoto wake, nikawa naona masoko mawili kwa pamoja, la leo na la mwaka ule, na kama sitaliandika hili la zamani sitalala. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa kazi katika nyumba ya familia ya Wazungu, njia ya kwenda Irente. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye bati jekundu, na madirisha yake yalikuwa na nondo. Kutoka dirisha la chumba cha watoto uliona bonde lote mpaka chini kwenye tambarare, na siku isiyo na ukungu uliona magari ya Mombo madogo kama siafu. Nilikuwa nasimama pale na chupi za watoto mkononi nikiyatazama. Sikuwa na mahali pa kwenda, lakini niliyatazama. Baba wa nyumba alikuwa mtaalamu wa udongo, amekuja na mradi wa kuwafundisha wakulima kukata matuta ya ngazi. Wakulima walimsikiliza kwa adabu, kisha wakalima kama walivyokuwa wakilima, ila wachache. Mama wa nyumba nilimwita Mama Jonas, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miaka saba. Greta ndiye alikuwa wa pili. Mama Jonas alikuwa amejifunza Kiswahili darasani kwao kabla ya kuja, Kiswahili safi kuliko changu, kila neno limekaa mahali pake, na alipokuwa na hasira kilizidi kunyooka.

Niseme mapema kwamba alikuwa mtu mwema. Hakunipigia kelele hata siku moja, na nilipougua alinipikia uji mwenyewe. Nikisema baadaye kwamba nyumba ile ilinibana kifua, msidhani ni kwa ubaya wake. Ningekuwa mimi ni yeye, katika nchi ya watu, na mtoto wangu hali kitu, labda ningefanya mabaya zaidi.

Maana shida ilikuwa hiyo. Tangu washuke kwenye ndege Greta alikuwa amefunga mdomo. Maziwa alikunywa, basi. Mama yake alipika viazi vya kuponda, karoti, uji, mkate wa kwao wenye mbegu, akavipanga kwenye sahani yenye picha ya bata, akakaa mbele yake na kijiko. Mtoto aligeuza shingo. Baba yake alijaribu kwa mchezo, kijiko kikawa gari, kikawa ndege. Waliinama wote wawili juu ya ile sahani kama watu wanaowasha moto kwenye kuni mbichi. Daktari aliona koo zima, tumbo zima. Mtoto akawa anakonda, mashavu yakashuka, na nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole.

Siku moja mchana nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu jikoni, nakula ugali na maharage, chakula changu. Greta akaja akasimama mlangoni. Sikumwita, sikumtazama hata, nilikuwa na njaa. Nikala. Akasogea, akasimama karibu na goti langu, akafungua mdomo. Nikakata tonge dogo, nikalichovya kwenye mchuzi. Sasa, vidole vyangu vilikuwa vya jikoni, vimeshazoea moto, haviwezi kunieleza kitu ni cha moto kiasi gani. Kwa hiyo nikaligusisha tonge kidevuni kwangu, kama nilivyokuwa nikifanya kwa wadogo zangu, nikaona si la moto, nikampa. Akatafuna kwa nguvu kama mtu mwenye hasira. Akafungua tena. Nilipoinua macho Mama Jonas alikuwa amesimama pale mlangoni, mkono mdomoni, machozi yanamtoka, na ananiashiria kwa mkono mwingine: endelea, endelea.

Kuanzia hapo nikafungwa. Sijui neno lingine. Greta alikula, na alikula kwenye mkono wangu tu. Mama yake alijaribu kufanya vilevile, alikata tonge, akagusisha hata kidevuni, mtoto akafunga mdomo. Asubuhi mimi, mchana mimi, jioni mimi. Wenzangu wa kazi za ndani walikwenda kwao Jumamosi wakarudi Jumapili baada ya ibada. Mimi nikienda nyumbani naenda na mtoto mgongoni, au siendi. Siku niliyoshikwa na malaria waliniwekea mto mgongoni nikae, wakaniletea sahani, nikamlisha huku meno yananigongana. Mama Jonas alikuwa anasema, "Samahani, Debora. Samahani sana," na alikuwa anamaanisha. Nilikuwa najibu, "Haina shida." Jibu hilo nimelifikiria sana maishani. Nadhani lilitufunga wote wawili.

Jioni nikiosha vyombo niliwasikia upande wa pili wa ukuta wa mbao, baba na mama, wakizungumza lugha yao. Sikuijua, lakini neno lao la "kula" nilikuwa nimeshalijua, na neno la "safari", na jina langu halikuhitaji kutafsiriwa. Kula, Debora. Debora, safari, kula. Mikono iko kwenye maji ya sabuni na jina lako linazunguka chumba cha pili kama kitu kinachopimwa. Nilikuwa naosha polepole nisigonganishe sufuria.

Yakaja kutimia. Karibu na mwisho wa mwaka Mama Jonas alinikalisha sebuleni, kwenye kiti cha wageni, akanimiminia chai yeye mwenyewe. "Debora, mradi unakwisha mwezi wa kwanza. Tutahamia nchi nyingine kwa miaka mitatu. Tunakuomba uje pamoja nasi. Bila wewe Greta hali." Nikasema nitamwuliza baba. Baba yangu alikuwa ameshaulizwa. Alikuwa ameshakubali, na alikuwa ameshawapelekea jogoo.

Hapo ndipo nilipojua kwamba bahati inaweza kumbana mtu kuliko shida. Mwenye shida watu wanamwuliza vipi, unaonaje. Mwenye bahati hakuna anayemwuliza. Nje ya kanisa walinishika mikono kwa zamu. Mmoja akaniagiza saa ya mkononi, mwingine sweta la sufu, mwalimu wa kwaya akasema nisisahau kupiga picha kwenye theluji, ingawa nchi tuliyokuwa tunakwenda ilikuwa na joto kuliko Tanga. Bibi mmoja alinitemea mate kichwani kunibariki. Na mimi nilichokuwa nakitaka kilikuwa kidogo mno kukisema mbele za watu. Fundi Zuhura, aliyekuwa anashona pale barazani Soni, alikuwa na cherehani ya pili. Aliniambia mwezi wa pili nije nikae kwenye ile cherehani, nisipokuja atamweka mwingine. Basi. Watu wananipa dunia, mimi nataka kukaa barazani Soni nishone mapindo. Nilijiuliza kama nina akili timamu. Bado huwa najiuliza.

Mtu pekee niliyemweleza ni Mama Hiza. Alikuwa analima bondeni, anauza kabichi, karoti, na majira haya plamsi, yale matunda madogo mekundu, kwenye meza yake kona ya juu ya soko. Alikuwa mama mnene, mtandio umefungwa nyuma ya masikio, sauti ya kuitia ng'ombe. Siku ya gulio Baba Jonas alikuwa akishuka na gari la mradi kwenda Mombo, akituacha Soni na kikapu, mimi na watoto, akatuchukua mchana akirudi. Mama Jonas aliruhusu kwa masharti: maji ya kuchemsha kwenye chupa, na mtoto asile kitu chochote sokoni mpaka kioshwe nyumbani kwa dawa. Mara ya kwanza nilipopita na Greta mgongoni, uso ameuficha kwenye kanga yangu, wanawake walinipokea kwa shangwe.

"Haa, Debora! Umezaa mzungu hata kutuita hukutuita!"

"Baba yake yuko wapi tumdai mahari?"

"Mwacheni, kafanana na mama yake. Tazama pua."

Jonas hakuhitaji kulelewa. Baada ya magulio mawili alikuwa amepanda juu ya lundo la kabichi anaita wateja kwa Kishambaa, na matusi mawili ameshayajua. Lakini Greta alibaki mgongoni, amenikaba shingo. Nilimweleza Mama Hiza yote huku napanga karoti kwenye kikapu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema aibu.

"Kwa hiyo hutaki kwenda," akasema.

"Sitaki, mama."

"Umesema?"

"Nitasemaje? Baba keshapeleka jogoo."

Akacheka mpaka meza ikatikisika. Kisha akamtazama mtoto kisogoni. "Huyu mtoto ana mikono mingapi ya kumlisha katika nyumba ile?"

"Mmoja. Huu."

"Na duniani iko mingapi? Mlete kila gulio. Usimshushe kwa nguvu. Mlete tu, aone watu wanakula."

Nikamleta. Sikujificha, masharti yote niliyafuata, hakula kitu. Ila nilikuwa nakaa naye nyuma ya meza ya Mama Hiza, na nyuma ya meza pale sokoni watu wanakula tangu asubuhi: huyu ana muhogo wa kuchoma, yule makande kwenye bakuli, mwingine anamega ndizi anampa mtoto wa jirani bila hata kugeuka. Greta akawa anachungulia juu ya bega langu. Baadaye akakubali kushuka, akakaa kwenye gunia, ameshika kanga yangu. Lakini kula, hapana. Siku zikawa zinakwisha.

Lazima nieleze desturi ya Mama Hiza, kwa sababu ndiyo iliyoamua. Wachuuzi wengi wanaamini mteja wa kwanza wa siku ndiye mwenye bahati ya mauzo, kuna mwenye mkono mwepesi na kuna mwenye mkono mzito. Mama Hiza alikwenda mbali zaidi. Kwake, aliyefungua meza lazima aonje alichonunua palepale, mbele yake, kabla hajaondoka. Akiondoka na kitu kizima bila kuonja, amefunga meza kwa siku nzima. Soni yote ilijua. Mwalimu mkuu nimemwona kwa macho yangu akitafuna kipande cha kabichi mbichi amevaa tai. Hakuna aliyeona ajabu.

Gulio la mwisho kabla ya wao kuhama, Mama Jonas alikuja mwenyewe. Alitaka kuaga soko, nadhani, na kununua matunda ya safarini. Tulifika mapema, ukungu bado umelala juu ya mabati. Mama Hiza alikuwa ndiyo kwanza anafunua gunia. Mama Jonas akasalimia vizuri, akachagua plamsi moja moja, anazigeuza, anazitia kikapuni, na moja, nzuri, nyekundu sana, akampa Greta aishike. Akalipa. Akasema, "Asante, mama. Twende, Debora."

"Bado," akasema Mama Hiza.

Mama Jonas akafikiri kuna chenji. Mama Hiza akamwonyesha Greta kwa kidevu. "Yule ndiye amefungua meza yangu. Ameishika ya kwanza. Aonje."

"Samahani, mama. Haijaoshwa. Tutaiosha nyumbani, kisha atajaribu."

"Nyumbani kwako kuna meza yangu?"

Wanawake wa meza za jirani wakaanza kusogea. Jonas, kwa kutaka kusaidia, akaingiza mkono kikapuni akatia plamsi nzima mdomoni. "Wewe mwizi hufungui meza!" Mama Hiza akamwambia, na watu wakacheka. Lakini hakutoka njiani. Amesimama na upana wake wote kati ya meza na njia, na nyuma yetu kulikuwa na magunia. Gari lilikuwa limekwishakwenda Mombo. Mama Jonas alianza kuwa mwekundu shingoni, na Kiswahili chake kikanyooka. "Ninaheshimu desturi yako. Lakini mtoto huyu hali kwa mtu yeyote. Hali hata kwangu mimi, mama yake." Akanigeukia. Sauti ilishuka. "Debora, tafadhali. Mlishe wewe, twende."

Nimeliandika neno hilo na nikasimama kidogo. Ilikuwa jambo dogo. Ningechukua ile plamsi, ningeiuma kidogo, ningempa, angekula. Mama Hiza angeridhika, Mama Jonas angeniangalia kwa shukrani, na wiki mbili baadaye ningekuwa kwenye ndege. Mikono yangu ilikuwa ndani ya kanga kwa sababu ya baridi. Sikuitoa. Sikusema siwezi, wala sikusema sitaki. Niliiacha ndani ya kanga, mmoja umeushika mwingine, na nikaangalia chini kwenye maganda ya mahindi. Mama Jonas alinitazama. Nadhani alielewa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuelewa kwamba ule mkono ulikuwa na mwenyewe.

Mama Hiza hakungoja. Aliinama, magoti yakalia, akamtoa Greta ile plamsi mkononi taratibu, akaifuta kwenye kanga yake ambayo haikuwa safi, nisiseme uongo, akaiuma katikati. Akatafuna. Akatema kokwa pembeni, akafunga macho kama mtu anayesikiliza. "Mm," akasema. Nusu iliyobaki akaishika mbele yake, wala hakumsogezea mtoto. Aliishika tu, kama mtu anayekula mwenyewe na amepumzika kidogo. Nilimsikia Mama Jonas akivuta pumzi. Greta akanitazama. Sikufanya kitu. Akatazama ile nusu, maji yake mekundu yanachuruzika mpaka kwenye kiganja cha Mama Hiza, akasogea hatua moja, akafungua mdomo.

"Nyingine," akasema alipomaliza. Kwa Kiswahili.

Vigelegele vilivyopigwa pale, mtu angedhani ni harusi. Mama Jonas alilia waziwazi, akamkumbatia Mama Hiza na kikapu kikamwagika, na Mama Hiza anampiga mgongoni huku anapiga kelele juu ya bega lake, "Njooni mnunue, njooni, meza imefunguliwa leo!" Aliuza kila kitu kabla ya adhuhuri. Tumbo la mtoto halikuuma. Nalisema hilo kwa haki, kwa sababu lingeweza kuuma, na Mama Jonas hakuwa mjinga kuogopa.

Mchana ule nyumbani Mama Jonas alikaa chini sakafuni, akauma kiazi nusu, akashika nusu. Greta akala. Jioni akala mezani na wenzake. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu jikoni na sahani yangu, na mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuja kusimama mlangoni. Nilisikia vijiko vyao. Niliwasikia wakicheka upande wa pili wa ukuta, na jina langu halikutajwa. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nikakaa na tonge mkononi mpaka likapoa. Sijui kuieleza siku ile kwa mtu: nilifunguliwa mlango, na bado kifua kilikuwa kilekile kimebana. Mama Jonas alikuja baadaye, akasimama karibu na jiko, akasema, "Debora, uko huru. Ungeniambia mapema." Nikajibu, "Haina shida."

Baba yangu hakunisemesha mpaka Pasaka. Jogoo hakurudi. Mwezi wa pili nilikuwa nimekaa kwenye cherehani ya pili ya Fundi Zuhura, na cherehani za kibanda nilichokifunga leo asubuhi ni watoto na wajukuu wa cherehani ile.

Basi, leo. Mama Hiza tulimzika miaka mingi iliyopita. Meza iko palepale, ameirithi mkwe wake, mwanamke mpole, na ile desturi hanayo, unanunua unaondoka. Greta alisimama mbele ya plamsi akawasimulia watoto wake, na dereva akawa anatufasiria sisi wengine: kwamba hapa palikuwa na mama mkubwa, akauma tunda nusu, akampa nusu, na yeye ambaye alikuwa hali kitu mwaka mzima akala. "Anasema mama huyo ndiye aliyemponya," dereva akasema. "Na anasema wewe, mama, ndiye uliyekuwa unambeba mgongoni kumleta." Watu wakanitazama. Nikasema ni kweli, nilikuwa nambeba. Ni kweli kabisa. Miaka minne ni mtoto mdogo, na mtu hakumbuki chakula cha kila siku, anakumbuka siku ya vigelegele. Hata mimi makande ya utotoni siyakumbuki tonge kwa tonge. Lakini nilijishughulisha na kuchagua karoti.

Binti yake alionja kila kitu. Yule wa kiume, Emil, wa miaka mitano, alishika mfuko wa biskuti kifuani tangu gulioni mpaka nyumbani kwangu. Greta alisema tangu Dar es Salaam hataki kingine. Nilimwona jinsi anavyomtazama mtoto, nikamkumbuka Mama Jonas. Nikawakaribisha chakula cha jioni. Tulikaa jikoni kwa ajili ya moto, mimi na Baba Joel, wageni na dereva. Nikapakua ugali, nikawapa vijiko. Greta akakiweka kijiko pembeni, akanawa, akala kwa mkono, vibaya vibaya. Hakumsemesha mtoto. Akala, akala tena. Emil akaacha biskuti, akasogea kwenye goti la mama yake. Basi Greta akakata tonge dogo, akalichovya kwenye mchuzi, akaligusisha kidevuni kwake, chini kidogo ya mdomo, kisha akampa.

Nilimwambia dereva amwulize kwa nini anagusisha kidevuni. Akauliza. "Anasema hajui, mama. Anasema amefanya hivyo tangu watoto wakiwa wadogo, hata na kijiko. Mume wake humcheka. Kwao hakuna anayefanya." Inawezekana aliona mahali pengine. Inawezekana mama yake aliendelea nayo baada ya kuniiga, wala siwezi kuapa. Nikakata tonge langu, la moto, na bila kufikiri, maana vidole vyangu bado ni vya jikoni, nikaligusisha kidevuni. Emil ndiye aliyeona. Akaninyoshea kidole mimi, akamnyoshea mama yake, akacheka kinywa kimejaa. Greta akageuka akanitazama, mkono wake umesimama hewani. Dereva alingoja neno la kutafsiri, kisha akarudi kwenye sahani yake.

Tumekula ugali, maharage, mboga ya mnafu, na plamsi za meza ya Mama Hiza, ambazo Greta alizichemshia maji akaziosha.